Uzi Mmoja wa Shaba Ndani ya Mkebe

Kabla hujashika bisibisi, nusa. Mashine ya gemu iliyokataa kuwaka huwa na harufu, na harufu hiyo itakupa nusu ya habari hata kabla hujatoa mita. Kapasita iliyopasuka hunuka kama samaki aliyesahaulika. Transfoma iliyoungua hunuka vanishi, na ukishaisikia mara moja hutaisahau. Ikinuka mkojo wa panya basi ni panya, na hapo anza na brashi na spiriti, mambo ya umeme yatafuata.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi hii sasa, mnaozitafuta gemu za zamani na kuzipanga sebuleni kama vyombo vya harusi. Mimi naitwa Nduku. Nimekaa kwenye benchi la ufundi hapa Machakos mjini karibu miaka arobaini, nikitengeneza redio, televisheni na hizo gemu zenu, na nimeacha kwa sababu macho yamekataa. Mtapata humu mambo ya kuwafaa. Lakini niseme mapema kwamba ninaandika kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Kioko. Aliipoteza kazi hii, na jina lake likaharibika, kwa ajili ya mkebe mmoja wa umeme. Mwaka huu nimeufungua mkebe huo. Tangu siku hiyo sina raha, na sitaki mniambie pole.

Aliyetufundisha alikuwa Mzee Athmani, ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka karibu na msikiti. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Mimi na Kioko tulipomwambia "mzee, hii redio iko na shida," alikuwa anatusahihisha Kiswahili kwanza ndipo aangalie redio. Alikuwa na sheria chache na hakuzirudia. Mashine isiyowaka haifunguliwi mpaka ukuta uchunguzwe, kisha waya, kisha adapta, kisha swichi. Nyinyi mnaanza kwa kufungua. Kuna mmoja aliniletea gemu akiwa ameshatoa skrubu zote na amepoteza mbili, na shida ilikuwa soketi ya nyumbani kwake haina umeme. Nilimtoza pesa ya kumdharau.

Wateja nao hawakuniamini. Mwanamke ameketi benchini, koleo mkononi, mtu anaingia na kuniambia, "Mama, niitie fundi." Mwanzoni nilikuwa naeleza. Baadaye nikachoka, nikawa nasema fundi ametoka, acha mashine urudi kesho. Akirudi anakuta inawaka, ananiuliza fundi yuko wapi amshukuru. Ninamwambia amepita tu, ana haraka. Kioko alikuwa anacheka mpaka anaweka kichwa juu ya meza.

Kioko alitoka Mwala na alikuwa wa mkono wa kushoto. Kwa kulehemu alinizidi, nalisema sasa kwa sababu wakati ule sikulisema. Alikuwa na mkono mwepesi, risasi inayeyuka, inakaa, inang'aa, amemaliza. Mimi nilikuwa mzuri wa kutafuta tatizo. Mzee alitupanga hivyo, mimi nijenge na nipime, Kioko alehemu, asafishe, afunge. Na sheria yake kubwa ilikuwa hii, kwamba aliyefunga ndiye anayejibu. Kifaa kikirudi na kosa, Mzee haulizi nani alifanya nini. Anauliza nani alifunga.

Sasa huo mkebe. Gemu nyingi za siku zile zilitumwa na ndugu walioko ng'ambo, na adapta zake zilikuwa za volti mia na kumi. Watu walikata ile plagi ya meno bapa, wakafunga plagi yetu ya meno matatu, wakachomeka kwenye mia mbili na arobaini. Adapta ilikuwa inaishi muda wa kupiga chafya. Mzee Athmani akabuni chake. Alichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, akaweka ndani transfoma ya kushusha umeme, dayodi nne, kapasita kubwa, na fyuzi mlangoni. Umeme wa ukutani unaingia huku, volti tisa zinatoka kule. Watu walikuja mpaka kutoka Mlolongo kununua mikebe yetu.

Fyuzi mnaijua, lakini niieleze kwa yule asiyejua. Ni kimrija kidogo cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. Umeme ukizidi, ule uzi unakatika na mashine inapona. Kazi yake ni kufa kwanza. Ukiizungushia waya wa shaba kwa nje, umeifunga mdomo. Umeme utapita hata nyumba ikiwaka moto.

Wiki moja fyuzi zilituishia. Nilikuwa na mikebe miwili ya kumaliza, mmoja wa mwenye baa hapa mjini, mwingine wa mwalimu mmoja wa Ekalakala ambaye dada yake alimtumia gemu kwa ajili ya watoto. Mzee aliagiza fyuzi Nairobi. Kazi haikusimama, kwa hiyo nilichukua fyuzi zilizokufa, nikazungushia kila moja uzi mmoja wa shaba, ili niweze kuwasha na kupima. Kila fundi amefanya hivyo, na anayekataa anadanganya. Fyuzi zilipofika, niliweka mpya. Hayo ndiyo niliyoyakumbuka kwa miaka thelathini. Nilikumbuka mpaka ubaridi wa kile kioo kwenye kidole changu. Kioko akafunga mkebe wa mwalimu, mwalimu akauchukua akaenda zake.

Haikupita wiki, mwalimu akarudi mikono mitupu. Alisimama mlangoni akasema mkebe ulishika moto mezani, kitambaa kikawaka, pazia likawaka, na mtoto wake wa miaka saba akaungua kiganja akivuta waya. Mzee alimwomba alete kile kifaa tukichunguze. Mwalimu akasema hakuna mtu wa duka hili atakayekigusa tena, kitakaa stoo mpaka yeye afe. Akaondoka. Hakudai kitu, na hilo lilimuumiza Mzee kuliko kama angedai.

Mzee akauliza nani alifunga. Kioko akasema ni yeye, lakini fyuzi ni kazi ya Nduku, hakuitazama kwa sababu hajawahi kuwa na haja ya kutazama kazi yangu. Fikirieni jinsi alivyoliweka. Hata katika kujitetea alinisifu. Mzee akanigeukia. Nikasema niliweka fyuzi mpya, na nilikuwa na hakika. Ningeishia hapo, ningekuwa nimekosea tu kama watu wanavyokosea. Lakini niliogopa, maana mwanamke pekee kwenye mtaa wa mafundi akiunguza mtoto hapewi nafasi ya pili. Nikaongeza, "Mzee, huyu mkono wake wa kushoto una haraka. Labda aliitoa akisafisha, akaweka waya. Mikono yake haifai kwa umeme."

Hakuna aliyeniuliza maneno hayo. Yalitoka yenyewe, na yalitosha. Kioko alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Mzee aliwaambia mafundi wengine, si kwa ubaya, kwa tahadhari, na mji wetu ni mdogo. Hakuna benchi lililompokea. Nilisikia alipasua mawe kule Mlolongo miaka kadhaa, kisha akarudi Mwala. Mimi nikapewa benchi la mbele, lile la dirishani.

Nilijifunza kutokana na moto ule, au nilidhani nimejifunza. Hili lifanyeni, ni zuri hata kama limetoka mahali pabaya. Tafuteni balbu ya zamani ya wati sitini, ile ya uzi ndani, si hizi zenu za LED. Iunganisheni kwenye waya mmoja unaopeleka umeme kwenye mashine, ili umeme wote upitie kwenye balbu kwanza. Washeni. Balbu ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na balbu imeimeza hasira yote. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endeleeni. Hapo hakuna haja ya kuzungushia fyuzi waya wowote.

Na jingine, msiamini volti zisizobeba mzigo. Kwenye gemu nyingi za zamani kuna kidude cha miguu mitatu kilichofungwa kwenye bati, regyuleta, ambacho kinapokea zile volti tisa na kutoa tano. Utapima mguu wa mwisho, utaona tano kamili, utafurahi. Unganisha ubongo wa mashine, zinaanguka mpaka tatu. Weka balbu ndogo ya indiketa ya pikipiki kama mzigo, halafu ndipo upime. Zikianguka, angalia kapasita kubwa kabla ya regyuleta, mara nyingi imekauka. Na kabla ya hayo yote soma adapta, maana nyingine zinatoa chanya katikati na nyingine zinatoa hasi, na tundu lile lile linazipokea zote bila kulalamika.

Nimewafundisha vijana wengi hayo, na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Kila nilipofundisha balbu, nilitoa mfano wa Kioko. Nilisema, palikuwa na fundi hapa, mkono wa kushoto, mwenye haraka. Vijana wakafupisha. Mtu akisahau bisibisi ndani ya televisheni, wanasema amefanya Kioko. Akifunga kabla ya kupima, amefanya Kioko. Neno likatoka dukani kwetu likaingia mtaa mzima. Leo kuna mafundi wa simu pale stendi wanaolitumia, wala hawajui kama Kioko ni mtu. Mzee Athmani alilisikia kabla hajafariki. Alinyamaza, nami nikadhani amekubali.

Mwaka huu alikuja nyumbani kwangu mwanamume mmoja anayekaa Syokimau, anaitwa Mwanzia, mwenye funguo za gari kidoleni na lugha ya vijana. Amebeba katoni. Alisema ameambiwa mimi ndiye niliyebaki wa duka lile.

"Mathe, hii gemu ilikuwa ya buda," akasema, yaani baba yake. "Alishatuacha, nikapata imefichwa kwa stoo. Nimejaribu chaja tatu na imekataa."

Nikaanza kumfokea kuhusu hizo chaja tatu, halafu akatoa mkebe kutoka chini ya katoni. Upande mmoja ulikuwa mweusi. Nikautambua kabla hajaniambia yeye ni mtoto wa nani. Alinionyesha kiganja bila mimi kuomba, na ngozi yake ilikuwa laini na imekunjamana chini ya kidole gumba.

Sikuwa na wasiwasi. Niseme kweli, nilifurahi. Nilijiambia leo nitaona kwa macho yangu alichofanya Kioko. Nikafuata utaratibu kama Mzee alivyotufunza. Nikanusa, vanishi, hata baada ya miaka yote hiyo. Nikapima waya, mzima. Transfoma, shoti, ndiyo iliyowaka. Nikafungua mlango wa fyuzi, nikavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

Palikuwa na fyuzi iliyokufa, na juu yake uzi mmoja wa shaba. Umezungushwa mara nne kuelekea kulia, na ncha yake imerudishwa chini ya mzunguko wa mwisho ikafichwa.

Mama yangu alisuka vyondo, vile vikapu vya Kikamba, maisha yake yote, nami nilikaa miguuni pake nikisokota katani tangu sijui kusoma. Kyondo hakiachwi na ncha nje. Unaurudisha uzi chini ya mstari wa mwisho, unauvuta, unapotea. Vidole vyangu hufanya hivyo hata nikifunga mfuko wa sukari. Pale dukani walinicheka kwa hilo, hasa Kioko, ambaye yeye alikuwa anasokota kuelekea kushoto na kuziacha ncha zimesimama kama masharubu. Mzee hangehitaji shahidi. Angeletewa mkebe ule siku ile, angemjua mwenye kazi kwa kutazama mara moja.

Ile fyuzi mpya ninayoikumbuka, niliiweka kweli. Niliiweka kwenye mkebe wa mwenye baa.

Nilimwambia Mwanzia hapo hapo kwamba mimi ndiye niliyemuunguza mkono. Alitazama kiganja, akatazama mkebe, akasema, "Ah, mathe, hiyo ni zamani. Si hata ilipona? Sasa itawaka?" Nikamwambia itawaka. Nikaijengea mkebe mpya wa umeme, kapasita mpya, fyuzi ya kweli, nikaipima kwa balbu, na taa yake nyekundu ikawaka siku ile ile. Alinishukuru sana. Mtoto niliyemuunguza alinisamehe bila kukaa chini, na sikupata nafuu yoyote, kwa sababu hakuwa yeye niliyemsingizia.

Kwa hiyo nyinyi mnaosema kufanya Kioko, acheni. Kama mnataka jina, semeni kufanya Nduku. Nimewaambia wale wa stendi, wakacheka wakadhani ni utani wa wazee.

Nilimwomba Mwanzia aniachie ile fyuzi, nikaifunga kwa leso, nikaenda Mwala. Nilipouliza sokoni kwa Kioko, kijana wa boda aliniuliza, yule mzee ambaye amekataa stima? Sikuelewa mpaka tulipofika. Nguzo za umeme zinapita mbele ya boma lake, majirani wote wana waya, nyumba yake haina. Yeye alikuwa ameketi karibu na zizi la mbuzi, anatengeneza gurudumu la mkokoteni wa punda. Bado anashika nyundo kwa mkono wa kushoto. Alinijua. Aliniitikia salamu, akanisogezea kiti, akaendelea na gurudumu.

Sikuwa na hotuba. Nilifungua leso nikampa. Alitafuta miwani mfukoni, akaigeuza ile fyuzi kwenye mwanga, akaigeuza tena.

"Hii ni mkono yako," akasema.

"Ni mimi, Kioko. Sikuweka fyuzi. Niliweka kwa ule mwingine."

 Nilimsubiri anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliposema, alisema taratibu, kama mtu anayehesabu mbuzi.

"Unajua hata mimi nilikubali? Mwaka ya kwanza nilikataa. Ya pili nikaanza kujiuliza. Watu wote wakikuambia ni wewe, hata wewe unaanza kukumbuka hivyo. Niko na picha kwa kichwa, Nduku. Najiona nikitoa fyuzi na hii mkono. Naona kabisa."

Kisha akaita jikoni. Akatoka mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono ina unga wa mahindi, akanisalimu kwa heshima akidhani ni mgeni wa kawaida. Ni Mwende, binti yake. Kioko akaniambia nimwambie Mwende yale niliyomwambia yeye. Nikamwambia yote, mpaka yale maneno ya mkono wa kushoto, kwamba mikono ya baba yake haifai kwa umeme. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake.

"Baba," akasema, "nilikuwa nimeitwa polytechnic. Kozi ya umeme. Ulisema mikono ya watu wetu haifai."

Kioko akakubali kwa Kikamba, "Ĩĩ."

"Nilikuwa na miaka kumi na nane."

Akasubiri kidogo, kama kuna kitu baba yake angeweza kuongeza, kisha akarudi jikoni. Tulisikia kinu kinaanza tena, anatwanga mahindi ya muthokoi, taratibu mwanzoni, halafu kwa nguvu. Kioko alikuwa ameinamia ile fyuzi. Alijaribu kuifungua ncha ya ule uzi kwa ukucha, na haikutoka, kwa sababu niliifunga vizuri.

Nikamwambia nitafanya lolote. Nitaenda kwa mafundi wote, nitasema kanisani, nitamlipia Mwende masomo hata sasa. Aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona hasira, changa kabisa, kwenye uso wa mtu mzee.

"Ungengoja nikufe," akasema. "Nilikuwa nimeshajisamehe. Ilinichukua miaka mingi, lakini nilimaliza. Sasa niko na hii ya kukusamehe wewe, na siko na miaka."

Akaiweka ile fyuzi kwenye mfuko wa shati, akachukua nyundo, akarudi kwa gurudumu. Nilikaa hapo mpaka nikaona ninamzuia kufanya kazi, nikasimama, nikaaga. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani, hata mgeni mbaya. Niliifungua miba ya lango mwenyewe, nikaifunga mwenyewe, nikatembea peke yangu.